Daftari Kumi na Moja ya Poste ya Bhaki

Jumanne, 9 septemba 2025

Prof Eugène amenirudishia mémoire, kazi yangu ya kumaliza masomo. Kurasa mia moja na kumi na mbili, na kule mwisho, pahali ya bibliographie, orodha ya maandishi yenye nilitumia, amepiga musalaba na Bic nyekundu toka juu mpaka chini. Musalaba! Kama kaburi. Anasema bibliographie yangu inafanana na soko siku ya mvua. Huku jina iko mbele, huku iko nyuma, huku mwaka inakosa. Mwaka hii, anasema, hakuna mutu atatetea kazi yenye bibliographie ya mukono. Yote ipite mu logiciel, programu ya ordinateur. Weye unaingiza makala, logiciel inapanga yenyewe. Kama haujui, ujifunze.

Nikajibu ndiyo Prof. Miye na hii mudomo yangu ya ndiyo Prof!

Défense, siku ya kutetea mbele ya jury, ni tarehe tatu oktoba. Siku makumi mbili na ine.

Niko na miaka makumi tatu na saba. Nafundisha biologie miaka kumi na moja bila licence ya université, na préfet, mukubwa wa shule yetu, alisha kuniambia mbele ya walimu wengine: mwenye hana diplôme mpaka Noeli, kiti yake itapata mwingine. Alisema na sauti ya upole. Ile upole njo inaniogopesha.

Jumatano, 10 septemba

Rébecca alikuja na clé USB yake. Tulisoma graduat pamoja, yeye alimaliza licence mwaka jana, na anajidai kidogo, lakini moyo yake ni muzuri. Akaingiza logiciel mu ordinateur yangu mbele courant ya umeme ikatike. Akanionyesha. Unaweka makala, inasoma mwandishi, kichwa, mwaka. Kisha mu maandishi yako unabonyeza pahali moja, jina ya mwandishi inaingia, na kule mwisho bibliographie inajipanga. A, B, C, mpaka Z. Yenyewe!

Miezi nane nimepanga na mukono. Nilitaka kulia, nikacheka.

Shida moja. Logiciel iko na visanduku mbili tu ya jina. Siye hapa mutu iko na jina, postnom na prénom. Ya tatu tuiweke wapi? Rébecca anasema jina na postnom zikae pamoja, prénom ikae peke yake, na logiciel itaikata ibakie herufi moja. Na aina ya document? Chagua "article", ni kusema makala, kwa yote, anasema, Prof anapenda article.

Bon. Article kwa yote.

Jumamosi, 13 septemba

Toka asubuhi niko naingiza. Makala makumi tisa na moja. Macho inauma, lakini sitasema uongo, ni tamu. Kitu moja mu maisha yangu yenye inakaa mu mustari.

Mangaribi nilifika kwa daftari ya Muzee Ephraïm.

Niandike hii vizuri, ata kama ni kwa miye peke yangu. Chapitre ya tatu ya mémoire yangu, ile yenye inabeba yote, inasimama juu ya mvua ya miaka makumi tatu na tatu. Na ile mvua, mutu moja tu njo aliipima: Lobho Dhena Ephraïm, moniteur agricole, mufundishaji wa kilimo, kule poste ya Bhaki, mu milima ya Djugu. Toka 1985 mpaka 2017, kila asubuhi saa kumi na mbili, anatoka na viatu ya plastiki, anasoma pluviomètre, chombo ya kupimia mvua, anaandika. Daftari moja kwa miaka tatu. Daftari kumi na moja. Mushahara ilikatika zamani, yeye akaendelea. Nilimuuliza wakati ile, nikiwa stagiaire, mwanafunzi wa mazoezi, kwake: sasa muzee, kama hawakulipi unapimia nani? Akanitazama kama mutoto mwenye ameuliza swali ya bure. Mvua haijue kama hawanilipi, akasema.

Desemba 2017 nilirudi kumusalimia, nikapiga picha ya kila ukurasa na telefone yangu. Bila sababu kubwa, nilikuwa tu sitaki kukopia na mukono. Nikamwambia: muzee, siku moja nitaandika kitabu na jina yako itakuwa ndani. Februari 2018 vita ikafika, Bhaki iliungua. Nyumba, poste, daftari yote. Yeye na binti yake Denise walitembea siku ine mpaka hapa Bunia.

Basi picha zangu njo daftari sasa. Nimeziingiza moja moja. Kichwa nimeweka kama vile yeye aliandika kwa jalada: "Pluies du poste de Bhaki", mvua ya poste ya Bhaki. Zote kumi na moja kichwa moja. Mwaka nimeacha wazi, juu ya vile kila moja iko na miaka tatu na kisanduku kinataka moja tu. Mu maandishi logiciel inaweka "s.d.", ni kusema haina tarehe. Mara makumi ine na sita: Lobho Dhena, s.d. Inaniuma. Mutu mwenye aliandika ata saa!

Jumapili, 14 septemba

Kisha misa nilienda kumuona kule site ya déplacés, kambi ya watu wenye walikimbia vita.

Macho yake inaisha. Ya kuume haioni tena, ya kushoto inaona mwangaza. Denise anamushika mukono ata kwa kwenda choo, na yeye anakasirika. Lakini — sikuamini — iko anapima! Kopo ya tomati, wameifunga na kamba kwa nguzo ya hema yao ya bâche. Asubuhi anaingiza kidole. Toka ukucha mpaka kiungo ya kwanza, anasema, ni milimita makumi mbili na tano. Anamwambia Denise hesabu, Denise anaandika kwa kipande ya carton ya mafuta ya msaada. Iko na mufuko nzima ya carton. Toka 2018! Kila siku!

Nikauliza Denise kama hachoki. Akanyanyua bega. Anasema asipoandika, baba hakuli.

Muzee akauliza tena kama jina yake iko ndani. Nikamwambia mara makumi ine na sita. Akarudilia ile hesabu polepole, makumi ine na sita, kama mutu anaonja chumvi. Akauliza tarehe ya défense. Nikamwambia. Anasema atakuja. Nikasema muzee, njia ni mbali, moto, ile pikipiki, inaruka-ruka. Akasema yeye hakuniomba moto, aliniomba tarehe.

Jumanne, 16 septemba

Nimemaliza! Makala mia moja makumi tano na mbili.

Kwa upande ya kushoto kuna pahali imeandikwa "doublons". Nikafungua. Logiciel ilikuwa imekamata yenye inafanana, juu nilikuwa nimeingiza makala zingine mara mbili kama mulevi. Kuna kifungo: fusionner. Unabonyeza, mbili inakuwa moja. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Raha ya kufagia nyumba.

Mu maandishi kila kitu kikawa safi. Ata zile "s.d." zote zimeondoka, mwaka imeingia yenyewe. Nikasema kumbe ni mashine yenye akili! Nikatuma kwa Prof mbele courant ikatike. Nimelala muchana, kitu yenye sikufanya toka janvier.

Jumamosi, 20 septemba

Sijui nianzie wapi.

Prof alinipigia saa ine. Furaha. Kwa mara ya kwanza amenisifu! Bibliographie kama ya Ulaya, anasema. Na alifurahi kabisa kuona nimetoa zile daftari zisizo na éditeur — alikuwa anataka kuniambia tangu zamani na hakutaka kuniumiza. Sikutoa daftari yoyote miye. Akaendelea: tena ni bahati, juu lecteur wako mu jury, mwenye atapima kazi yako, ni CT Lobho, chef de travaux wetu, na weye umemutaja mara makumi ine na saba. Atafurahi sana.

Makumi ine na saba.

Nikafungua ordinateur. Daftari haziko. Pahali pao iko kitu moja tu: Lobho Dhena, E., 2019, "Pluies du poste de Bhaki".

Niandike polepole, labda nitaelewa. CT anaitwa Lobho Dhena Ephraïm. Muzee pia anaitwa Lobho Dhena Ephraïm. Ni ndoyi, watu wa jina moja. Baba ya CT alikuwa jirani ya Muzee kule Bhaki, na mutoto alipozaliwa wakamupa jina ya Muzee, yote, jina, postnom, prénom, kama vile siye tunafanya tukimupenda mutu. Muzee alimununulia mutoto nguo ya kwanza, na kila mwaka kuku ya Noeli. Ndoyi wake. Mutoto akakua, akasoma, akawa CT. Na 2019 aliandika makala ya kurasa nane mu revue, jarida ya institut yetu. Kichwa alichukua palepale kwa jalada ya daftari. Ndani aliweka miaka tatu ya mvua, yenye alikopia siku moja alipoenda kusalimia. Ahsante kwa mutu, hakuna. Miye nilijua. Nilitaja hii makala mara moja tu, kwa heshima.

Jina moja. Kichwa moja. Aina moja, article, kama Rébecca alisema. Na mwaka niliacha wazi. Logiciel ilifanya nini mubaya? Iliona mutu moja mwenye ameingizwa mara kumi na mbili. Nikaiambia ndiyo. Miye na hii mudomo yangu, ata kwa mashine!

Mvua yote ya Muzee sasa ni ya CT. Miaka makumi tatu na tatu. Mwaka 1985 CT alikuwa na miaka mbili.

Jumapili, 21 septemba

Sikuenda misa. Nilimwita Rébecca. Alitazama, akakuna kichwa. Kurudisha nyuma haiwezekani, nilisha kufunga na kufungua mara mingi. Ile copie ya mbele ya doublons, yenye alikuwa ameweka mu clé yake, alifuta kwa kuweka filme ya harusi ya dada yake. Aliomba pole mpaka nikamuonea huruma.

Lakini picha ziko. Naweza kuingiza upya, kubadilisha kila pahali mu maandishi. Siku mbili, tatu. Nimeanza. Leo tano kati ya makumi ine na sita. Kila mara courant inarudi nakimbia kama mutu amesikia mutoto analia.

Jumatatu, 22 septemba

Nilienda kwa Prof na zile kumi na tisa zenye nilisha tengeneza. Nikaeleza yote. Ndoyi, doublons, yote. Alisikiliza, sitamusingizia. Akavua miwani, akapangusa.

Halafu akasema hapana.

Daftari ya mukono, yenye iliungua, yenye iko tu mu telefone ya mwanafunzi, jury itaita hii nini? Itaita hadithi. Watauliza original iko wapi, na weye utajibu imekuwa majivu? Sasa makala ya 2019 iko na revue, iko na numéro. Chapitre ya tatu inasimama. Ukitoa ile, inaanguka, na ikianguka unarudi mwaka kesho. Kama miye ningekuwa baba yako, anasema, ningekuambia vile vile.

Nikasema lakini Prof, si kweli. Makala ya 2019 haina ile mvua. Iko na miaka tatu tu.

Akasema: "Adeline, nani atafungua revue kuhesabu?"

Copies tano zinawekwa kwa secrétariat keshokutwa. Nikarudi Shari, mutaa yetu, na miguu. Mvua ilininyeshea toka rond-point mpaka mulango. Sikukimbia. Sijui ilikuwa milimita ngapi.

Jumatano, 24 septemba

Nimeweka copies. Tano. Na mwaka 2019 ndani.

Niandike yote: niliweza kukataa. Mulango ya secrétariat ilikuwa wazi, nilisimama pale pengine dakika kumi, watu wananipita. Nikafikiri mushahara, kiti, préfet na upole yake. Nikaweka. Secrétaire akapiga muhuri ya cachet mara tano. Miye ni mwanamuke wa vile, basi.

Alhamisi, 25 septemba

CT ameniita.

Bureau yake iko na rideau ya bluu kwa dirisha. Aliniita mama Adeline, akanipa kiti, akauliza habari ya nyumba. Mutu mupole! Watu wote wapole mwaka hii. Copie yangu ilikuwa mbele yake, na kwa chapitre ya tatu ameweka vipande ya karatasi. Anajua. Alijua kwa kusoma ukurasa ya kwanza, kwa sababu mutu anajua kazi yenye hakufanya.

Nikaanza kuomba pole, nikaeleza doublons. Akanyanyua mukono. Akasema: "Mama Adeline, ndoyi na ndoyi ni mutu moja. Acha vile vile."

Maneno ya wazee wetu! Mama yangu alikuwa anasema vile wakati wa kugawa nyama: ya ndoyi ni ya ndoyi. Ni maneno ya kupana. Sikujua mutu anaweza kuitumia kwa kuchukua.

Nikamuuliza mara ya mwisho alimuona Muzee lini. Akafikiri. 2016, akasema, tena akaanza kueleza usalama, kazi, njia. Njia! Toka bureau yake mpaka site ni robo saa na moto. Iko na gari. Nikamwambia Muzee iko hapa Bunia toka miaka saba. Akasema alisikia. Akasema kwa kweli atafanya mupango.

Wakati natoka akauliza kama zile picha ya daftari ningali nazo. Zote? Zote, nikajibu, mujinga miye. Kisha défense, akasema, utaniletea mu clé. Kwa archives.

Jumapili, 28 septemba

Nilienda kumwambia Muzee. Nilijiapia mbele ya picha ya mama yangu.

Nilikuta koti. Denise alimuazimia koti ya mchungaji wao, nyeusi, mikono mirefu, ameikunja ndani na uzi. Muzee alikuwa ameketi nayo juu ya kitanda, joto yote ile, anajizoeza. Majirani wa site wote wanajua. Mwanamuke moja alinisimamisha njiani kuniuliza kama ni miye mwenye nitasoma jina ya muzee wetu mbele ya wakubwa. Nikasema ndiyo.

Nilikuwa na copie yangu mu mufuko. Akaomba nimusomee pahali yake. Nikafungua bibliographie. Kidole yake nikaiweka juu ya mustari, na nikasoma: Lobho Dhena, E. Akacheka kidogo. Akasema nirudilie. Nikarudilia. Akasema niendelee mpaka mwisho ya mustari, juu mustari haiishe kwa jina. Nikasoma. Elfu mbili na kumi na tisa. Pluies du poste de Bhaki.

Kidole ikasimama.

"Mu 2019 nilikuwa hapa," akasema. "Ile mwaka sikukuwa na daftari. Nilikuwa na kopo."

Eh Mungu. Macho yake imekufa na ingali inaona mwaka.

Nilikuwa na neno yote tayari mu kinywa. Badala yake nikasema ni mwaka yenye imprimerie iliweka wakati wa kuchapa, muzee. Imprimerie! Denise alinitazama. Yeye anajua kusoma, na yeye haiko mujinga. Akashusha macho kwa carton yake.

Muzee akavua koti, mukono moja, kisha mwingine, akamupa Denise aitundike. Halafu akauliza kama mutu anauliza habari ya hewa: "Ndoyi yangu, ule mutoto, iko muzima?"

Nikasema iko muzima. Iko mu jury.

"Bon," akasema.

Ile tu. Bon. Nikangojea ingine, haikuja. Alipotaka kunisindikiza mpaka kwa barabara nikakataa, akanisindikiza, na Denise nyuma yetu. Sikumwambia. Nilienda kumwambia na sikumwambia.

Alhamisi, 2 oktoba

Kesho.

Nimetengeneza projection, slides kumi na mbili. Copies zimefungwa, siwezi kubadilisha ata virgule, lakini slides ni zangu. Saa kumi nikaongeza moja. Picha ya ukurasa ya kwanza ya daftari ya kwanza: tarehe moja janvier 1985, milimita sufuri, na pembeni ameandika "vumbi". Chini nikaandika: Mvua yote ya chapitre ya tatu ilipimwa na Lobho Dhena Ephraïm, moniteur agricole, 1985–2017. Haiko ule wa 2019.

Nikaisoma. Nikaona Prof anavua miwani. Nikaona CT anafunga copie yangu polepole. Nikaona préfet.

Nikaifuta. Nikairudisha. Mwisho nimeweka mbili mu clé: moja na slides kumi na mbili, moja na kumi na tatu. Jina ya fichier ni moja, defense, nimetofautisha na namba tu. Rébecca anasema nimekuwa wazimu, chagua moja ulale. Anasema tena: kwani shida iko wapi? Muzee haoni. Atasikia wanasoma Lobho Dhena Ephraïm, atafurahi, atarudi kwake. Jina ni yake pia, hapana?

Njo shida, nikamwambia. Atasikia jina yake.

Ijumaa, 3 oktoba

Saa tatu na robo. Niko mu couloir, inje ya salle, naandika nyuma ya karatasi ya brouillon. Mutu mwenye iko mbele yangu angali ndani, nasikia Prof anamuuliza kuhusu mihogo. Baada yake ni miye.

Muzee amekuja. Alifika saa moja, sentinelle wa mulango mwenyewe hajafika! Koti ya mchungaji, viatu ya plastiki imesafishwa, vumbi ya moto mu ndevu. Denise anamushika. Na mu mukono ingine, ule mufuko ya carton, yote, toka 2018. Nikamuuliza Denise kwa nini amebeba ile. Akasema baba alilala nayo.

Nikawakalisha mustari ya mbele. Halafu jury ikaingia. CT katikati, cravate. Alikuwa anasema na mutu, na Muzee akasikia sauti, akasimama. Kwa kweli alisimama peke yake, bila Denise.

Akaita: "Ndoyi!"

Nikafikiri sasa dunia itapasuka, na, sitaficha, moyo yangu ilifurahi. CT alisimama, uso yake ilienda ikarudi. Halafu akafungua mikono. Akakuja, akamukumbatia muzee mbele ya watu wote, akageuka kwa salle, akasema huyu njo mwenye jina yangu, bila huyu miye siko. Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga picha na telefone. Prof alipangusa jicho! Miye nilisimama kwa mulango na clé mu mukono na sikupiga makofi, na hakuna mwenye aliona.

Kisha Muzee akatafuta mukono ya CT, akaweka kamba ya mufuko mu vidole yake, akaifunga na mukono yake mwenyewe. Akasema kwa sauti ya kila siku, lakini nilikuwa karibu, nilisikia vizuri: "Chukua, ndoyi. Ni ya 2018 mpaka asubuhi ya leo. Sasa mwaka, uandike sawasawa."

CT akacheka. Watu wakacheka naye, waliona ni muzee anataniana na ndoyi wake.

Denise hakucheka. Alinitazama miye.

Mufuko iko sasa juu ya meza ya jury, chini ya copie yangu. Muzee ameketi tena. Ameinamisha kichwa, sikio ya kuume inaelekea pahali nitasimama. Anajua. Au hajui. Toka jumapili nalala na hii swali na naamka nayo.

Clé iko na jasho. Kumi na mbili, kumi na tatu. Secrétaire ametoa kichwa kwa mulango, anauliza nani anafuata, projection yangu iko wapi, aingize kwa machine yeye mwenyewe. Amenyoosha mukono. Anauliza afungue gani, juu anaona mbili na jina moja. Naweka kalamu chini, nimujibu.